Taa ya Matumbawe Yetu ni Jua

Mwalimu wa biolojia anayefundisha karibu na bahari, iwe Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Mtwara, ana maabara kubwa mlangoni pake. Si ajabu, basi, kwamba walimu wengine hutamani kuileta shuleni sehemu ndogo ya maabara hiyo: tangi la maji ya bahari lenye tumbawe hai na anemoni, ili wanafunzi waone kwa macho yao yale wanayoyasoma vitabuni. Mwalimu wa namna hiyo anastahili pongezi. Lakini swali analoliuliza kwanza aghalabu ni hili: "Ninunue taa gani?" Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limeanzia mwishoni. Maswali yaliyo sahihi ni matatu, nayo yana mpango wake. Je, mnyama huyu anahitaji mwanga? Anahitaji kiasi gani? Na mwanga huo utoke wapi? Akiyajibu kwa mpango huo, mwalimu wa pwani ya Afrika Mashariki atagundua kwamba mara nyingi hana haja ya kununua taa yoyote.

Mnyama mwenye shamba mwilini

Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, walioshikamana pamoja, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Anemoni ni ndugu yao. Yeye ni polipi mmoja mkubwa asiyejenga mifupa ya chokaa. Katika matumbawe yanayojenga miamba ya maji mafupi, ndani ya seli za mnyama huishi seli za mwani zisizoonekana bila hadubini. Eneo la sentimita mraba 1 la tumbawe lenye afya huweza kuwa na seli hizo zaidi ya milioni moja.

Seli za mwani hufanya usanisinuru kama yafanyavyo majani ya muhindi. Hupokea kabonidayoksaidi na takataka za nitrojeni kutoka kwa mwenyeji wao, na humlipa kwa sukari, vyakula vingine na oksijeni. Mwanga ukiwa wa kutosha, malipo hayo hukidhi sehemu kubwa ya mahitaji ya nishati ya tumbawe. Kadhalika, matumbawe haya hujenga chokaa kwa kasi zaidi mchana kuliko usiku. Kwa hiyo tumbawe ni kama mkulima aliyebeba shamba lake mwilini. Anayelinyima mwanga amelifungia ghala.

Tatizo ni kwamba njaa hiyo haina kelele. Samaki akikosa hewa, kila mtu humwona akitweta juu ya maji. Tumbawe likikosa mwanga halifi siku hiyohiyo. Hutumia akiba yake, hupauka, nyama yake husinyaa juu ya mifupa, na baada ya wiki kadhaa au miezi hubaki chokaa tupu. Tumbawe la aina ya Porites, lile la duara linaloonekana kama jabali, hukua karibu sentimita 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo kosa la mwanga la muhula mmoja laweza kufuta kazi ya miaka mingi ya bahari, na mwalimu asijue kosa lilikuwa wapi.

Hata hivyo, si kila tumbawe wala kila anemoni mwenye shamba mwilini. Mwaka 1828 mtaalamu wa Uskochi, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni pwani akamweka katika chombo cha kioo mjini Edinburgh. Anemoni huyo aliishi hadi mwaka 1887, akirithiwa na mlezi mmoja baada ya mwingine kwa miaka 59, bila taa maalumu ya aina yoyote. Siri yake ni nini? Aina yake, Actinia equina, haina mwani mwilini. Huishi kwa kukamata chakula, naye alilishwa. Katika miamba ya kwetu yapo matumbawe ya rangi ya machungwa, ya jenasi Tubastraea, yanayokaa mapangoni na chini ya kingo zenye kivuli. Hayo nayo hayana mwani, na hata ukiyawekea taa ya bei kubwa kiasi gani yatakufa yasipolishwa. Kinyume chake, anemoni wakubwa wanaokaliwa na samaki wa jenasi Amphiprion, kama vile Stichodactyla mertensii, wana mwani na wanahitaji mwanga mwingi. Basi mwalimu amjue mnyama kwanza, ndipo afikirie mwanga.

Vipimo vinavyodanganya

Kipimo cha kwanza kinachodanganya ni wati. Wati hueleza umeme unaotumika, haielezi mwanga unaopatikana. Globu ya zamani ya wati 100 hugeuza sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kuwa joto. Taa ya LED ya wati chache huweza kutoa mwanga uleule. Kuchagua taa ya matumbawe kwa kuhesabu wati ni sawa na kukisia wingi wa wali kwa kuhesabu kuni zilizochomwa jikoni.

Kipimo cha pili ni jicho. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwa lugha ya fiziolojia, pazia lipo, nalo ni mboni. Tuingiapo chumbani mboni hupanuka, na tutokapo juani husinyaa, hata chumba na ua vikaonekana kana kwamba vinakaribiana kwa mwanga. Tukipima kwa kifaa tunaona ukweli mwingine. Darasa lenye mwanga mzuri wa kusomea huwa na luksi 300 hadi 500. Nje, jua la adhuhuri katika nchi zetu hufikia luksi 100,000 au zaidi. Tofauti ni zaidi ya mara 200, na jicho halikutuambia.

Kipimo cha tatu ni luksi yenyewe, ingawa ni bora kuliko viwili vya kwanza. Luksi ilibuniwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 555. Mwani wa matumbawe una klorofili na rangi nyingine zinazonasa zaidi mwanga wa buluu na wa buluu-kijani. Hilo si jambo la bahati. Maji ya bahari hunyonya wekundu katika mita chache za kwanza, na buluu ndiyo inayofika mbali zaidi. Kwa hiyo taa ya buluu huweza kuonekana hafifu kwenye kipimo cha luksi ilhali mwani unaitumia vizuri.

Kipimo kinachofaa ni idadi ya fotoni zenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, yaani zile zinazoweza kutumika katika usanisinuru. Huhesabiwa kwa maikromoli za fotoni katika kila mita mraba kwa kila sekunde. Hapa nitaziita maikromoli tu. Jua kali la adhuhuri lina karibu maikromoli 2,000. Kifaa cha kupimia fotoni ni ghali kwa shule nyingi. Lakini kwa mwanga wa jua, na kwa jua pekee, ipo njia ya mkato: gawanya luksi kwa 54. Luksi 100,000 ni karibu maikromoli 1,850. Luksi 500 za darasani hazifiki maikromoli 10. Kipimo cha luksi cha maabara ya fizikia, au hata simu yenye programu ya kupimia mwanga, chatosha kuanzia kazi, maadamu tunakumbuka kwamba simu hukadiria tu.

Kiasi gani kinatosha?

Usanisinuru hauongezeki daima kadiri mwanga unavyoongezeka. Mwanafunzi akichora grafu, ataona sehemu tatu. Mwanzoni mstari hupanda. Mwanga ukiwa mdogo mno, sukari inayotengenezwa haitoshi hata kufidia ile inayotumika kwa kupumua. Kisha mstari huanza kulala, kwa kuwa mitambo ya seli imeshiba. Hatimaye, mwanga ukizidi, mitambo hiyo huharibika na mstari huteremka. Kwa hiyo tunachotafuta ni mwanga wa kiasi.

Wafugaji wenye uzoefu huyapa matumbawe laini maikromoli 50 hadi 150, na matumbawe magumu ya matawi, kama ya jenasi Acropora, maikromoli 200 hadi 400. Anemoni wakubwa wa miamba huwekwa karibu na kundi hilo la pili. Hizi si sheria, kwa sababu tumbawe hujizoeza. Likiwa kivulini huongeza klorofili na kuwa la kahawia iliyokolea. Likiwa kwenye mwanga mkali hupunguza. Mazoea hayo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tumbawe lililotolewa kivulini na kuwekwa ghafla kwenye jua huweza kupauka na kufa hata kama kiasi hicho cha mwanga kingelifaa baadaye.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuchukue maji ambamo kila mita 1 hupunguza asilimia 10 ya mwanga. Baada ya mita 10 itabaki 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani karibu asilimia 35. Baada ya mita 15 itabaki karibu asilimia 21. Sasa tufikirie neti ya kivuli wanayotumia wakulima wa bustani, ile inayozuia asilimia 80 ya mwanga. Chini yake hubaki asilimia 20, yaani maikromoli 400 wakati wa adhuhuri. Kwa upande wa wingi wa mwanga, neti ya bustani imetupeleka kina cha mita 15 bila kulowa. Tukiweka tabaka mbili, itabaki asilimia 4, yaani maikromoli 80, kiasi kinachofaa matumbawe laini.

Kwa nini jua?

Vitabu vingi vya ufugaji wa matumbawe vimeandikwa Ulaya na Marekani, na karibu vyote vina sura ndefu juu ya taa: za tyubu, za halidi ya metali, na sasa za LED. Waandishi wake hawakukosea. Mjini London mwezi Desemba mchana huwa wa karibu saa 8 tu, jua hubaki chini angani, na nyumba hufungwa kwa baridi. Huko taa ni lazima. Kosa ni letu tunapovisoma vitabu hivyo na kudhani kwamba kila hitaji la mwandishi ni hitaji la tumbawe. Tumbawe halihitaji taa, linahitaji fotoni. Sisi tulio kati ya Ikweta na nyuzi 11 za kusini tunazipata kwa karibu saa 12 kila siku, na mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini.

Ushahidi wa njia hii upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyofuga viumbe wa miamba katika matangi madogo kwa kutumia mawe hai, mapovu ya hewa na mwanga wa jua. Jakarta iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, karibu sawa na Unguja. Akwaria ya Waikiki, mjini Honolulu, ilipata sifa kwa kukuza matumbawe katika matangi ya nje yenye jua na maji ya bahari yanayopita. Na mjini Townsville, Australia, mwaka 1987 ilifunguliwa akwaria ambayo tangi lake kuu la matumbawe, lenye lita milioni 2.5, lilijengwa wazi chini ya anga. Hawa wote walikuwa na jua, wakalitumia.

Kwa maoni yangu, basi, shule ya pwani inayotenga fedha zake chache kwa taa za kutoka ng'ambo imenunua dawa ya ugonjwa isiokuwa nao. Fedha hizo zingefaa zaidi kununulia pampu, vipimo vya chumvi na joto, na betri ya kuendeshea hewa umeme ukikatika. Tumbawe huweza kuvumilia siku moja bila mwanga. Haliwezi kuvumilia usiku mmoja katika maji yaliyosimama bila oksijeni.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba jua litachemsha tangi. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na halifai kupuuzwa. Nyuzi 1 au 2 za Selsiasi juu ya joto la kawaida la kiangazi, zikidumu kwa wiki kadhaa, zatosha kuyafanya matumbawe yapauke, na tangi dogo la kioo lililoachwa juani laweza kupita kiwango hicho kwa saa chache. Jibu ni kuacha tangi dogo la kioo. Lijengwe birika la saruji nje ya maabara, pana na lisilo refu, mfano wa mabirika ya misikiti ya zamani ya pwani. Maji mengi hupata joto polepole, kuta nene huzuia joto, na upepo ukipita juu ya maji huyapoza. Lipakwe rangi nyeupe kwa nje. Liwekwe mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa 8 mchana. Wakati wa kaskazi joto lipimwe kila siku saa 9 alasiri, na lisiruhusiwe kupita nyuzi 29.

Wengine watasema kwamba jua litaleta mwani wa kijani kwenye kuta. Ni kweli, lakini mwani huo haulishwi na jua peke yake. Hulishwa pia na naitreti na fosfeti zinazotokana na chakula kilichozidi na samaki waliozidi. Konokono walao mwani na mkono mwangalifu wa mlishaji hutatua tatizo hilo vizuri zaidi kuliko giza.

Pingamizi la tatu ni mvua. Masika huweza kuyafanya maji kuwa baridi na kupunguza chumvi kwa saa moja. Kwa hiyo birika liwe na paa la plastiki angavu la kutandaza na kukunja. Mawingu yenyewe si hatari. Miamba ya baharini nayo hupata siku za mawingu.

Liko kundi moja ambalo hoja yangu hailihusu, nalo ni shule za bara. Jua wanalo, bahari hawana. Kwao nashauri wafuge samaki wa maji baridi na mimea yao, kisha waje pwani kuyaona matumbawe yakiwa kwao.

Utaratibu ninaoupendekeza

Mwaka wa kwanza wa birika usiwe na tumbawe hata moja. Saruji mpya hutoa alkali, kwa hiyo birika lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutiwa maji ya bahari. Kisha mwalimu apate kwa mkulima mashina machache ya mwani, ule unaolimwa Unguja na Pemba kwa kamba na vigingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani huu ndio utakaokuwa kipimo chetu cha mwanga.

Wanafunzi wakate vipande 12 vya gramu 50 kila kimoja. Vitatu viachwe juani, vitatu viwekwe chini ya neti ya asilimia 50, vitatu chini ya neti ya asilimia 80, na vitatu chini ya tabaka mbili. Kila wiki vipande vitolewe, vichuruzike maji kwa dakika 2, vipimwe na kurudishwa. Luksi juu ya maji ipimwe saa 3, saa 6 na saa 9 za mchana. Baada ya wiki 6 darasa litakuwa na grafu yake lenyewe ya mwanga na ukuaji, na litafahamu kwa vitendo maana ya kukosa, kutosha na kuzidi. Vipande vikifa, hakuna mwamba uliopata hasara.

Majira yote yakipita, joto na chumvi vikiwa vimetulia, ndipo mwalimu aombe kibali kwa idara ya uvuvi. Asing'oe hata kipande bila kibali hicho. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na hilo pekee latosha kutukumbusha kwamba si kokoto za ufukweni. Akiruhusiwa, aanze na kipande kimoja cha tumbawe laini. Akiweke kwanza chini ya tabaka mbili za neti, na kama aina yake inapenda mwanga zaidi, apunguze kivuli kidogo kidogo kwa wiki 4 hadi 6. Rangi iandikwe daftarini kila wiki. Weupe usifasiriwe upesi, kwani tumbawe hupauka kwa mwanga uliozidi, kwa joto, na hata kwa giza la muda mrefu. Daftari la vipimo ndilo litakalosema ni lipi kati ya hayo.

Anemoni awe wa mwisho. Yeye hutembea kwa mguu wake kutafuta mwanga na mkondo unaomfaa, na katika safari hiyo huweza kunaswa na mdomo wa pampu. Anemoni anayehamahama bila kutulia anamwambia mlezi wake kwamba mahali alipowekwa hapamfai.

Kuna sababu ya kusisitiza uangalifu wote huu kwa kipande kimoja cha tumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na ya Kenya na Tanzania. Miamba yetu ilipauka tena mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Wanafunzi wa leo ndio watakaoamua, wakiwa wavuvi, maofisa na wabunge, ni kiasi gani cha miamba hiyo kitakachobaki. Mwanafunzi aliyepima mwanga na joto kwa mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kulea kipande kimoja, atajua tumbawe linataka nini ili liishi. Yule aliyeonyeshwa tangi linalong'aa kwa taa za buluu, ambalo wanyama wake hubadilishwa kila muhula kwa sababu wa zamani wamekufa, atajifunza kwamba bahari ni duka. Walimu wa pwani wanaweza kuchagua somo la kwanza, na jua la kulifundishia halina bei.